Deki Zinaisha Kabla ya Diski: Uchambuzi wa Kisa cha SACD na Muziki wa Chaneli Nyingi

Mwezi Aprili 2018 kampuni ya Oppo Digital ya California ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza deki. Kwa wasikilizaji wengi haikuwa habari. Kwa wanaokusanya diski za muziki wa ubora wa juu ulikuwa msiba, kwa sababu deki zake za mwisho, UDP-203 na UDP-205, zilisoma karibu kila diski ya muziki iliyowahi kuuzwa: CD, DVD, DVD-Audio, SACD (Super Audio CD), Blu-ray ya kawaida na ya Ultra HD. Mwaka uliofuata Samsung nayo ikaacha kuleta deki mpya za Blu-ray katika soko la Marekani. Kufikia mwisho wa 2024 LG ilikuwa imejitoa. Februari 2025 Sony ikafunga uzalishaji wa diski tupu za Blu-ray za kurekodia. Hilo haligusi diski za muziki zinazochapwa kiwandani, ingawa wengi walilielewa vibaya, lakini linaonyesha upepo unavuma kuelekea wapi.

Mwenye rafu ya diski hizi anabaki na swali moja linalomkosesha usingizi: deki yangu ikifa, nitazipigia wapi?

Nimechagua kuchambua kisa cha SACD kwa sababu ndani yake yamo yote: uhandisi mzuri, ugomvi wa makampuni, makufuli ya kuzuia kunakili, na wasikilizaji wachache waliokataa kuiacha. Msimamo wangu nausema mapema. SACD haikushindwa kwa sababu masikio ya watu ni mazito. Ilishindwa njiani, kati ya deki na spika, na waliofunga njia hiyo ni wale wale walioitengeneza. Na leo kilicho hatarini zaidi ni kile kilichomo ndani ya diski na hakipatikani kwingine kokote: miksi za chaneli nyingi, yaani muziki uliopangwa kutoka kwenye spika zaidi ya mbili ili umzunguke msikilizaji.

Diski yenyewe

CD ilianza kuuzwa mwaka 1982, kazi ya pamoja ya Sony na Philips. Sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kina biti 16, na chaneli ni mbili tu, kushoto na kulia. Miaka ya 1990 ilipokuwa inayoyoma, DVD ilikuwa imeshaonyesha kwamba diski ya ukubwa uleule inaweza kubeba karibu mara saba ya mzigo huo. Wakati huohuo haki miliki za CD, zilizokuwa zinaingiza fedha kwa kila diski na kila deki iliyouzwa duniani, zilikuwa zinaelekea ukingoni. Sony na Philips walikuwa na sababu mbili za kutafuta mrithi wa CD, na ubora wa sauti ilikuwa mojawapo.

Mwaka 1999 wakaleta SACD. Haifuati mtindo wa CD wa kupima kimo cha wimbi. Mfumo wake, unaoitwa DSD, hutumia biti moja tu, lakini biti hiyo hupigwa zaidi ya mara milioni 2.8 kwa sekunde, ambayo ni mara 64 ya kasi ya CD. Wimbi likipanda, biti za moja zinasongamana, likishuka, zinapungua. Ndani ya diski ya gigabaiti 4.7 iliingia miksi ya stereo, na pamoja nayo miksi nyingine ya hadi chaneli sita: spika tatu mbele, mbili nyuma, na chaneli ya besi kwa ajili ya sabufa.

Ila kinachonivutia zaidi ni namna walivyoiweka CD ndani ya diski hiyohiyo. Leza ya CD ina urefu wa wimbi wa nanomita 780. Ya SACD ni 650. Tabaka la SACD liko katikati ya unene wa plastiki, milimita 0.6 kutoka upande wa leza, na limetengenezwa liakisi mwanga wa 650 na kuupitisha ule wa 780. Ukiitia diski hiyo kwenye redio ya gari, leza hulipita tabaka la kwanza bila kuliona na kwenda kusoma tabaka la CD lililo chini ya lebo. Mnunuzi hakuhitaji kujua chochote. Angeweza kununua diski leo, akaipiga kwa deki ya zamani miaka kumi, na siku akipata deki mpya akagundua kwamba muziki wa chaneli sita alikuwa nao kabatini muda wote.

Hayo yangewezekana kama ingeanza hivyo. Deki ya kwanza, Sony SCD-1, iliuzwa dola 5,000 nchini Marekani, ilikuwa na uzito wa kilo 26 hivi, na ilitoa stereo tu. Na diski nyingi za mwanzo za Sony hazikuwa na tabaka la CD, kwa hiyo kwenye redio ya gari hazikulia kabisa.

Upande wa pili kulikuwa na DVD-Audio, iliyobebwa na Matsushita, Toshiba, JVC na kampuni ya muziki ya Warner. Hii ilibaki na vipimo vya kawaida, ila ikaviongeza: biti 24, vipimo 192,000 kwa sekunde kwa stereo na 96,000 kwa chaneli sita, vikibanwa bila kupoteza hata biti moja kwa mbinu ya MLP kutoka kampuni ya Meridian ya Uingereza. Ilitakiwa kufika madukani mwishoni mwa 1999. Miezi hiyohiyo kufuli la DVD za filamu likavunjwa na programu ndogo ya DeCSS ikasambaa kwenye intaneti, na waandaaji wakaogopa, wakaisimamisha DVD-Audio watengeneze kufuli jipya. Ikaingia sokoni 2000, ikiwa imechelewa na ikiwa na hofu.

Kuanzia hapo muziki uligawanywa kwa kambi. Sony Music ilitoa SACD. Warner ilitoa DVD-Audio. Universal ikaingia SACD baadaye, EMI ikatoa huku na huku. Mpenzi wa msanii mmoja alilazimika kununua deki moja, na akimpenda msanii mwingine anunue ya pili. Deki zilizosoma zote mbili zilikuja baadaye, wakati watu wameshachoka kusubiri.

Waya sita

Sehemu hii ndiyo inayonikera zaidi katika kisa chote, na naona haizungumzwi inavyostahili.

Mwaka 2001 mtu mwenye ampulifaya nzuri ya kuangalizia filamu alikuwa anatoa waya mmoja tu kwenye deki ya DVD, wa macho au wa koaksio, na chaneli zote sita zilipita humo kwa mfumo wa kidijiti. Akinunua deki ya SACD au DVD-Audio na kuchomeka waya uleule, chaneli sita za ubora wa juu hazipiti. Makampuni yalikataza kutoa sauti hiyo kwa njia ya kidijiti kwa kuhofia itanakiliwa. Badala yake mgongoni mwa deki palikuwa na matundu sita ya analogi: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia, sabufa. Waya sita, pini kumi na mbili. Ukikosea mmoja, mwimbaji anaimbia nyuma ya kiti chako.

Ugumu haukuishia kwenye waya. Sebuleni kwa watu wengi spika za nyuma ni ndogo, haziwezi besi. Kwa filamu, ampulifaya huikata besi ya chaneli hizo na kuipeleka kwenye sabufa. Huo ni mpangilio unaowekwa mara moja na kusahaulika. Lakini sauti iliyoingia kwa matundu ya analogi, katika ampulifaya nyingi za wakati ule, ilipita moja kwa moja bila kuguswa. Kwa hiyo kazi hiyo ilibidi ifanywe na deki yenyewe, na deki nyingi ziliifanya nusunusu au hazikuifanya kabisa kwa SACD. Vilevile umbali wa kila spika hadi kwenye kiti ulitakiwa kuingizwa upya katika menyu ya deki, na deki nyingine hazikukubali kuurekebisha zilipokuwa zinapiga DSD. Matokeo yake mtu ametumia fedha kununua sauti bora kuliko CD, halafu anasikia muziki wenye besi pungufu na spika zisizokubaliana. Anahitimisha kwamba teknolojia ni ya uongo. Hana kosa.

Njia ilifunguka baadaye kupitia waya wa HDMI: toleo la 1.1 la mwaka 2004 liliweza kubeba DVD-Audio, na la 1.2 la 2005 likabeba DSD. Waya ukawa mmoja tena. Lakini kufikia hapo iPod ilikuwa na miaka minne tangu itoke, duka la iTunes lilikuwa limefunguliwa tangu Aprili 2003, na kizazi kizima kilikuwa kimeshajua, tangu Napster ya 1999, programu ya kubadilishana nyimbo kwenye intaneti, kwamba muziki ni faili.

Kuna jambo moja zuri katika DVD-Audio ambalo lilitangazwa kidogo kuliko yote. Diski nyingi za aina hiyo zilikuwa na sehemu ya pili yenye miksi ileile ya chaneli sita kwa mfumo wa Dolby Digital, na sehemu hiyo ilisomwa na deki yoyote ya DVD. Miaka hiyohiyo hom thieta zilikuwa zinaingia sebuleni Dar es Salaam na Nairobi kwa wingi: deki ya DVD, spika tano ndogo, sabufa chini ya meza. Vifaa vya kusikilizia muziki wa chaneli sita tulikuwa navyo. Tulichopigia ni filamu, na muziki wa VCD wenye chaneli mbili. Diski hazikufika, na hata kule zilikotengenezwa wenye hom thieta hawakuambiwa kwamba deki yao ya kawaida inatosha.

Mwaka 2003 chama cha kampuni za muziki Marekani, RIAA, kilihesabu SACD zipatazo milioni 1.3 na DVD-Audio kama laki nne zilizopelekwa madukani. CD zilikuwa zaidi ya milioni 700. Mwaka mmoja kabla yake albamu 22 za Rolling Stones zilikuwa zimetolewa kama SACD zenye tabaka la CD, na watu wengi walizinunua kama CD za kawaida kwa sababu nembo ya SACD haikuwekwa mahali pa kuonekana. Diski ilikuwa imeingia majumbani, wenye nyumba hawana habari.

Je, sikio linasikia?

Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti, AES, jaribio ambalo hadi leo linawagombanisha watu. Walipiga SACD na DVD-Audio, halafu katikati ya njia wakaweka kifaa cha kuishusha sauti hadi kipimo cha CD, na kuwauliza wasikilizaji waseme ni lini kifaa kimo na lini hakimo. Majaribio 554, majibu sahihi 276. Ni sawa na kurusha shilingi. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,000 na kukuta majibu sahihi ni asilimia 52.3: tofauti ipo kitakwimu, lakini ndogo, na waliofunzwa kusikiliza waliisikia vizuri zaidi.

Wapinzani wa SACD hutaja tafiti hizi na kufunga mjadala. Mimi nazisoma tofauti. Meyer na Moran wenyewe waliandika kwamba diski hizo za ubora wa juu karibu zote zilisikika nzuri kuliko CD nyingi, kwa sababu mafundi walizitayarisha kwa uangalifu, wakijua mnunuzi wake ni msikilizaji makini, badala ya kuibana sauti ili ipige kelele kwenye redio. Na jaribio lao lilihusu chaneli mbili. Hakuna anayehitaji mafunzo ya sikio kutambua kwamba ngoma imetoka nyuma yake.

Hapo ndipo waliouza SACD walipokosea njia. Matangazo yalijaa tarakimu, megahezi na biti, mambo ambayo hata fundi hugombana nayo. Kitu ambacho mtoto angekisikia ndani ya sekunde kumi, kwamba umekaa katikati ya muziki, kilitajwa pembeni. Thamani ya SACD, kwa maoni yangu, asilimia kubwa imo kwenye chaneli zile nne za ziada, na katika tabia ya uangalifu ya mafundi. Kasi ya DSD yenyewe ni bonasi. Na bonasi hiyo imefika hata kwa wasioitaka: mwaka 2022 ilibainika kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayoheshimiwa sana na wapenzi wa santuri, ilikuwa kwa miaka mingi ikipitisha rekodi kwenye DSD kabla ya kuzichonga kwenye santuri. Santuri hizo zilikuwa zimesifiwa na watu waliokuwa wanaapa kwamba hawawezi kuvumilia sauti ya kidijiti.

Albamu moja, miksi tatu

Ili kuona kilicho hatarini, tuichukue albamu moja inayojulikana na kila mtu: The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya 1973.

Miaka ya 1970 kulikuwa na jaribio la kwanza la muziki wa chaneli nyingi majumbani, chaneli nne, spika nne kwenye pembe za chumba. Nalo lilikuwa na vita vyake: SQ ya CBS, QS ya Sansui, CD-4 ya JVC, mifumo mitatu isiyoelewana. CD-4 ilificha chaneli za nyuma katika mawimbi ya juu kuliko sikio linavyosikia, ndani ya mfereji wa santuri, ikahitaji sindano ya aina mpya kuyasoma. Kabla muongo haujaisha, biashara hiyo ilikuwa imekufa. Lakini mafundi walikuwa wamefanya kazi. Alan Parsons, aliyerekodi albamu hiyo, alitengeneza miksi yake ya chaneli nne mwaka huohuo wa 1973. Saa zile zinazolia kwa pamoja mwanzoni mwa wimbo wa Time alikuwa amezirekodi kwa ajili ya onyesho la chaneli nne. Tangu mwanzo zilikusudiwa kumzunguka msikilizaji, na stereo ndiyo iliyozibana mbele.

Mwaka 2003, albamu ilipotimiza miaka 30, fundi wa sauti James Guthrie alitengeneza miksi nyingine ya 5.1 (chaneli tano na ya sabufa) ikatoka kwenye SACD. Ndiyo SACD iliyomfanya mtu wa kawaida asikie jina la mfumo huu. Mwaka 2023 Guthrie huyohuyo akaleta miksi ya tatu, ya Dolby Atmos, yenye spika hadi juu darini.

Tatu tofauti, kazi za mafundi wawili, zilizopishana kwa nusu karne. Ukiwasha simu leo na kustrimu, utapewa ile ya tatu tu. Ya pili iko kwenye diski ya 2003 na matoleo yaliyoifuata. Ya kwanza, ya Parsons, kwa toleo rasmi la kidijiti unaifuata kwenye sanduku kubwa la mwaka 2011 lenye DVD na Blu-ray. Huduma ya kustrimu haina rafu. Ina nafasi moja ya miksi ya kuzunguka, na mpya ikiingia hakuna mahali pa kuiweka ya zamani. Hii ndiyo albamu maarufu kuliko karibu zote. Fikiria zile ambazo miksi yake ya 5.1 ilitoka mara moja mwaka 2002 kwenye DVD-Audio na haijarudi tena.

Walioishika mkono

SACD ilitabiriwa kifo kuanzia 2005 na bado inachapwa. Walioibakiza kwanza ni watu wa muziki wa klasiki: BIS ya Sweden, Chandos ya Uingereza, Channel Classics na Pentatone za Uholanzi. Pentatone ilianzishwa 2001 na watu waliotoka Philips Classics, na moja ya kazi zake za kwanza inanigusa kila nikiifikiria. Philips walikuwa wamerekodi orkestra nyingi kwa chaneli nne miaka ya 1970, wakitumaini kwamba soko litakuja. Soko halikuja, kanda zikawekwa ghalani, zikatolewa kwa stereo tu. Pentatone walizitoa na kuzichapa kwenye SACD, na chaneli za nyuma zilizokaa kimya kwa miaka thelathini zikasikika kwa mara ya kwanza nje ya studio. Kampuni ndogo ya Dutton Vocalion ya Uingereza ikafanya hivyohivyo kwa albamu za pop, jazi na muziki wa filamu. Japani nayo haijaiacha: Universal ya huko hutoa SACD tangu 2010 kwa mfululizo maalumu, na Sony ya huko huchapa albamu za zamani za chaneli nne katika majalada ya karatasi ya ukubwa wa inchi saba.

Upande wa roki, bendi ya King Crimson walianza 2009 kutoa albamu zao kwenye DVD-Audio kwa miksi za mwanamuziki Steven Wilson, wakati kampuni kubwa zimeshaisahau diski hiyo. Baadaye mfululizo huo ukahamia Blu-ray, na hapo kuna jambo linalofurahisha kitaalamu: mfumo wa Dolby TrueHD unaobeba sauti ya Blu-ray umejengwa juu ya MLP, ile mbinu ya Meridian iliyotengenezwa kwa DVD-Audio. Diski ilishindwa, injini yake ikapanda chombo kingine.

Norway kuna lebo ya 2L ya Morten Lindberg, ambaye huwapanga wanamuziki duara na kuweka maikrofoni katikati yao, kanisani. Albamu yake LUX ilichukua Grammy ya sauti ya kuzunguka mwaka 2020. Natamani sana orkestra kamili ya taarab ya Zanzibar irekodiwe namna hiyo siku moja, ganuni upande mmoja, safu ya violini upande mwingine, dumbaki nyuma, na mwimbaji mbele yako.

Atmos: neema yenye masharti

Juni 2021 Apple ilianza kupiga muziki wa Dolby Atmos bila kuongeza bei, na baada ya miaka kama hamsini ya kubisha hodi sauti ya kuzunguka ikawa jambo la watu wote. Mwanzoni mwa 2024 kampuni hiyo ikaanza kuwalipa wenye muziki hadi asilimia 10 zaidi kwa nyimbo zilizo katika mfumo huo. Studio zikafurika kazi. Hakuna wakati wowote katika historia ambapo miksi za kuzunguka zimetengenezwa nyingi kama sasa.

Masharti ni mawili. La kwanza ni la kiufundi: Atmos ya kustrimu hupita katika Dolby Digital Plus, kwa kasi isiyozidi kilobiti 768 kwa sekunde kwa chaneli zote. Ni sauti iliyobanwa kwa kuachwa baadhi ya taarifa zake. Miksi hiyohiyo kwenye Blu-ray iko katika TrueHD, haikupotea hata biti. Kwa maoni yangu, mwenye masikio na spika za kutosha anasikia tofauti hiyo kirahisi kuliko ile ya Meyer na Moran. La pili ni la umiliki: unachostrimu si chako. Miksi ikibadilishwa usiku, asubuhi hutaiona ya jana, na hakuna wa kumwuliza.

Ndiyo maana Blu-ray ya sauti tupu, iliyozinduliwa na Universal mwaka 2013 bila mafanikio makubwa, imepata maisha mapya. Rhino ya Warner ilianza 2023 kutoa mfululizo wa Quadio, miksi za chaneli nne za miaka ya 1970 kwenye Blu-ray. Wauzaji wadogo huagiza idadi iliyolipiwa tayari, wakaiuza, wakafunga. Ni biashara halali na inayojilipa. Tatizo lake ni kwamba aliyechelewa mwezi mmoja anakutana na bei ya mtu binafsi anayeiuza tena.

Septemba 2023 Apple iliinunua BIS. Kampuni iliyokuwa nguzo ya SACD kwa miaka ishirini sasa iko mikononi mwa kampuni inayoishi kwa kustrimu. Pentatone tayari ilikuwa imenunuliwa 2022 na San Francisco Conservatory of Music. Sisemi kwamba wanunuzi hawa wana nia mbaya; chuo cha muziki kumiliki lebo naona ni jambo jema. Lakini uamuzi wa kuchapa diski sasa unafanywa na watu ambao diski kwao ni jambo la pembeni.

Tathmini

Diski zenyewe hazinitishi. SACD iliyohifadhiwa vizuri ina miaka mingi mbele yake, na viwanda vya kuzichapa vingalipo Ulaya na Japani. Kinachonitisha ni leza. Deki ni mtambo wenye mota, reli na kichwa cha kusomea kinachochoka, na vichwa vya Oppo havitengenezwi tena. Zilizobaki sokoni ni chache, miongoni mwake: Sony yenyewe na UBP-X800M2 yake, Magnetar waliojitokeza kujaza pengo la Oppo, na deki ghali za stereo za Marantz na Denon. Panasonic hutengeneza deki nzuri za Blu-ray, lakini SACD hazisomi. Mwenye rafu kubwa anunue deki ya pili sasa, akiwa bado na uchaguzi, aiweke kavu na aiwashe mara mojamoja.

Kunakili ni jambo gumu kwa makusudi. DVD-Audio na Blu-ray husomeka kwenye kompyuta. SACD haisomeki kwenye kompyuta yoyote ya dukani. Waliofaulu walitumia PlayStation 3 za mwanzo, ambazo Sony iliziwezesha kusoma SACD kisha ikauondoa uwezo huo katika matoleo ya baadaye, au deki fulani za Blu-ray ambazo watu waligundua mlango wake. Katika nchi nyingi kuvunja kufuli hilo ni kinyume cha sheria hata kwa diski uliyoinunua. Nasema bila kuficha: sheria inayomzuia mnunuzi halali kuokoa albamu ambayo mchapishaji ameacha kuiuza inalinda kitu ambacho hakuna tena anayefaidika nacho.

Suluhisho lipo na limeshafanyiwa kazi. 2L huuza albamu zake kama faili za chaneli nyingi. Duka la intaneti la NativeDSD huuza rekodi za Channel Classics na wengine kwa DSD ya chaneli tano na sita, faili unazopakua na kuzitunza mwenyewe, hazihitaji leza wala waya sita. Duka jingine, Immersive Audio Album, huuza Atmos kwa TrueHD kamili. Wote hawa ni wadogo. Kampuni tatu kubwa, Universal, Sony na Warner, ndizo zenye karibu miksi zote za 5.1 na za chaneli nne ambazo watu wanazililia, zimeshatengenezwa, zimeshalipiwa, zimo kwenye seva zao. Kuzipandisha dukani kama faili hakuhitaji kiwanda, wala ghala, wala meli. Hadi ninapoandika haya, mpenzi anayezitaka anaelekezwa kwenye diski ya mtumba ya mwaka 2003 na deki ambayo mtengenezaji wake amefunga.